Veranda ya Norfolk, Vyumba vya Pangani

Aka! Sogea, ndugu yangu, ukae, maana hili limenikaa kooni tangu asubuhi. Kila anayeandika habari za Nairobi ya zamani, akifika kwenye suala la wageni walilala wapi, anataja hoteli ya Stanley, anataja ya Norfolk, kisha anafunga kalamu. Tunasimuliwa mabwana waliokuja kuwinda simba, farasi walioingizwa hadi chumba cha kulia, mvinyo uliomwagika. Haya. Na wengine? Mji ule ulipokea watu kila siku kutoka Kiambu, Machakos, Kavirondo, Mombasa, Tabora, Buganda. Walikuwa wapagazi, wapishi, madobi, makarani, wachuuzi wa mayai na ngozi, askari waliomaliza mkataba. Usiku ukiingia walilaza ubavu wapi? Hapo mwandishi anakuwa bubu. Nami nasonya.

Simnyimi mtu haki yake. Yule mama Mayence Bent aliijua kazi. Nairobi ya 1902 haikuwa mji wa kujivunia. Reli ilikuwa imefika 1899 kwenye tambarare ya matope, mahema na mabati, na tauni ilipozuka daktari wa serikali aliamuru bazaari nzima ya Wahindi itiwe moto. Katika hali hiyo mama yule akafungua vyumba vya wageni Victoria Street, barabara tunayoiita leo Tom Mboya, akapaita Stanley, jina la yule mpelelezi. Mwaka 1905 moto ukapakumba. Hakukunja mkeka. Akahamia jengo jingine, na kufikia 1913 hoteli ilikuwa imesimama mahali ilipo hadi leo.

Na Abraham Block naye, Myahudi wa Lithuania aliyekuja kutoka Afrika Kusini mwaka 1903, hana deni nami. Yasimuliwa kwamba alisikia hoteli ya Mama Bent haina magodoro ya kutosha, akanunua kitambaa kwa Wahindi, akatafuta nyasi kavu, akatengeneza sindano kutokana na spoku za baiskeli, akashona. Magodoro ya nyasi! Mwaka 1927 mtu huyo huyo akainunua Norfolk, na 1947 akaichukua Stanley yenyewe. Hilo ni jasho, na jasho lina heshima yake.

Ila nyasi zile zilikatwa na mikono ya nani? Maji ya kuoga ya hoteli za siku hizo yalichemshwa kwenye debe jikoni nje, yakabebwa hadi chumbani, yakamiminwa kwenye beseni la bati, kisha yakachotwa tena kwenda kumwagwa. Ndoo za choo zilitolewa usiku. Taa za mafuta zilifutwa masizi moja moja. Aliyeyafanya hayo alikuwa mwanamume mzima, pengine ana watoto watatu kwao, na aliitwa boi. Alijua kila kitanda cha hoteli: kipi kinalia, kipi kina kunguni, kipi kimepangiwa bwana mkubwa. Akimaliza kazi alitoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu hata kama angeweka pesa mezani, kitanda kile hakikuwa cha mtu wa rangi yake. Na Mhindi vilevile, tajiri au maskini, hakuwa na nafasi humo.

Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904, chini ya Meja Ringer na mwenzake Winearls. Haikuchukua muda ikawa baraza la masetla, wenyewe wakaipa jina la utani la Bunge la Malodi kwa sababu ya makabaila waliojaa humo, Lord Delamere akiwa kiongozi wao. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, jina la hoteli hii likasambaa duniani pamoja na lake. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Mpagazi wa siku hizo alibeba ratili 60, kama kilo 27, kichwani, kutwa, na posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kitanda, hema, beseni la kuogea la bwana, vyote vilisafiri juu ya utosi wa mtu. Safari zile zilikuwa hoteli nzima iliyotembea kwa miguu ya watu wengine. Waandishi wanampenda sana Roosevelt. Kibaba hawakitaji.

Halafu ikaja 1922, na hapa sitapunguza sauti, hata hao wa meza ya pili wakigeuka.

Harry Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Alisimama kupinga kipande, ile hati Mwafrika aliyolazimishwa kubeba, kodi na kazi ya kulazimishwa, hasa ile ya wanawake na wasichana. Tarehe 14 Machi wakamkamata wakamweka kituo cha polisi, karibu kabisa na Norfolk. Watu wakaacha kazi. Wapishi, madobi, makuli, maelfu yao, wakaja kukaa mbele ya kituo, na wanawake walikuwemo wengi. Tarehe 16 viongozi wakatoka kuzungumza na serikali, wakarudi wakiwataka watu watawanyike. Hapo ndipo Muthoni Nyanjiru aliposimama, akainua nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wampe suruali zao wao wachukue gauni lake. Watu wakasogea mbele. Polisi wakapiga risasi. Na masetla waliokuwa wamekaa kwenye veranda ya Norfolk wakinywa, nao wakashika bunduki wakapiga. Kutoka verandani! Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Wengine walioziona maiti walisema zilipita 50.

Fikiri, kaka. Asubuhi mtu amekupikia yai, amekuletea chai kitandani, amekufulia shati. Mchana amekaa chini barabarani hana hata fimbo, nawe unamlenga kutoka kwenye kiti chako. Ndiyo maana nasema habari za hoteli ile haziwezi kuandikwa kwa orodha ya wageni mashuhuri. Barabara inayopita mbele yake leo inaitwa Harry Thuku, na ni haki. Ila ningependa mgeni anayekaa pale akinywa chai aambiwe kilichofanyika pale, kabla hajaambiwa ya Roosevelt.

Sasa twende Pangani, ndiko nilikotaka kufika.

Kabla ya Pumwani hii yetu, Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyojengwa na wenyewe: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Kuta za miti na udongo, paa la nyasi, au la madebe ya mafuta yaliyopasuliwa yakanyooshwa kwa nyundo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma pamoja na jiko na choo. Waliozijenga na kuzimiliki, sehemu kubwa, walikuwa wanawake.

Walitoka wapi? Miaka ya mwisho ya karne ya 19 haikuwa mizuri kwa watu wa bara. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, kisha njaa kubwa kati ya 1897 na 1901 ikamaliza maghala ya Wakikuyu na Wakamba. Msichana aliyebaki bila baba, mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji, mke aliyechoka kupigwa, hao ndio waliofuata reli. Wengi walisilimu, wakapata jina jipya, majirani wapya, na jambo moja kubwa ambalo kwao hawakuwa nalo: sheria inayomtambua mwanamke kuwa na mali yake mwenyewe, nyumba yake mwenyewe, na haki ya kuirithisha akifa. Asiyekuwa na mtoto alimlea wa mwenziwe.

Na mji uliwahitaji vibaya mno. Serikali na makampuni yaliajiri mwanamume kana kwamba hana mke, hana mtoto, halali, hali. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, na haukumtosha huyo mmoja. Reli iliwajengea wafanyakazi wake landi, yaani vyumba vya msongamano, lakini mfanyakazi wa kawaida hakujengewa chochote. Kwa macho ya wakubwa, mji ulikuwa wa Wazungu na Mwafrika alikuwa mpita njia tu. Baada ya Vita vya Kwanza wakamning'iniza kipande shingoni, kwenye kikopo cha bati, ili askari yeyote ajue ana haki ya kuwa mjini au hana. Basi mtu huyo aliyeshuka treni jioni, kipande shingoni, amebeba blanketi moja na jina la kijiji chake mdomoni, alienda wapi? Alielekezwa Pangani. "Kaulize kwa mama fulani."

Kwa mama fulani alipata nini? Alipata nafasi ya kulala, chumba kizima kama ana uwezo, au nusu ya kitanda cha kamba, au mkeka sakafuni pamoja na wenzake wanne. Alipata maji ya moto ya kunawa vumbi la njiani. Alipata chai na mkate au uji, akafuliwa shati, akaambiwa ni bwana gani anaajiri na yupi hulipa kwa mateke. Taja huduma moja ya Stanley ambayo haikuwapo Pangani kwa kipimo chake! Tofauti ilikuwa kwenye shuka na kwenye rangi ya anayelala.

Naona mzee wangu hapo unaguna. Najua unachotaka kusema, sema tu: hao walikuwa malaya. Ndiyo, wengi wao pesa ya kwanza ilitoka huko, tusifichane, sote hapa watu wazima. Mwanamke alikaa chumbani mwake, mwanamume akaja, akapewa chai, maji ya kuoga, chakula, kitanda na huyo mwanamke. Yote kwa bei yake. Lakini tazama alichofanya na pesa hiyo. Hakuimaliza kwa shanga. Alinunua miti, akaita mafundi, akasimamisha nyumba ya vyumba sita au vinane, akaacha biashara ya mwili wake akaingia ya kupangisha. Wengine walituma pesa nyumbani, baba akanunua mbuzi na ng'ombe, ukoo uliofilisika na sotoka ukasimama tena. Mwanamume aliyelipwa na bwana, akalala kwa mama yule, akala kwa mama yule, kesho yake akarudi kazini ana nguvu: hapo ni nani aliyemtunza mfanyakazi wa Nairobi? Bwana hakumtunza, wala halmashauri. Msamiati wa kumdharau mwanamke huyo tunao mwingi. Wa kumshukuru hatuna, na hilo, mzee wangu, linaniudhi kuliko hata hoteli zenyewe.

Serikali yenyewe ilijua. Ilipoamua kuvivunja vile vijiji na kuwakusanya watu Pumwani, kuanzia 1921 na 1922, iligawa viwanja watu wajenge wenyewe, na wanawake wakajenga tena. Mwaka 1932, katika wenye nyumba wa Pumwani, takriban wanne kwa kila kumi walikuwa wanawake. Wanne kwa kumi, enzi hiyo! Nionyeshe barabara yoyote ya hoteli Nairobi ya leo ambako wanawake wanafikia hesabu hiyo.

Na msidhani ni Nairobi peke yake. Dar es Salaam Wajerumani walijenga Kaiserhof yao karibu na bandari, kwa ajili ya watu wao, na mahali hapo pamebaki na hoteli hadi leo, New Africa. Mpagazi aliyeteremka kutoka Tabora kabla ya reli kufika huko mwaka 1912 hakuona ndani ya mlango ule. Wahindi nao, kwa kufungiwa nje kila mahali, walijipangia: musafarkhana na daramshala, nyumba za wageni za jumuiya zao, zilimpokea mgeni wao aliyeshuka melini na masanduku yake.

Njia ya reli nayo ina habari zake. Treni za mwanzo za kutoka Mombasa hazikuwa na behewa la chakula. Safari ya Nairobi ni kilomita 530, ikichukua karibu siku nzima ya saa 24, vumbi jekundu la nyika ya Taru likiingia hadi kwenye kope. Basi serikali ikajenga nyumba za mapumziko kando ya reli, kwa mtindo wa kule India, treni ikasimama abiria wakashuka kula: cha usiku Voi, cha asubuhi Makindu. Abiria wa madaraja ya juu, bila shaka. Wa daraja la tatu alibaki na kilichouzwa dirishani. Wengine walilala ndani ya mabehewa yaliyoegeshwa, na hilo nalo lilikuwa na hatari yake. Ryall, mkuu wa polisi, mwaka 1900 alikuwa ameegesha behewa lake Kima akimvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia akamtoa kupitia dirishani. Behewa lenyewe liko makumbusho ya reli Nairobi, mtu anaweza kwenda kuliona.

Lakini nikitaja Makindu moyo wangu unatulia kidogo. Zile nyumba za mapumziko za serikali, ambamo si kila mtu aliweza kuketi mezani, zimekwisha kazi yake. Kilichobaki Makindu ni gurdwara. Kalasinga waliofanya kazi za reli, mafundi seremala, mafundi mitambo, madereva wa treni, walijenga hekalu lao hapo mwaka 1926, na kwa desturi ya dini yao jiko la hekalu halimbagui mtu. Ukipita barabara ya Mombasa leo, dereva wa lori, mwanafunzi, Mkamba, Mzungu, Msomali, unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa unakula: chapati, dengu, mboga, chai. Hulipi. Ukizidiwa na usiku, kuna mahali pa kulala. Karibu miaka 100 sasa! Nilikula pale nikiwa safarini, nikainuka nikamwuliza aliyenipakulia kama naweza kuosha sahani yangu. Akanielekeza sinki. Hiyo ndiyo nyumba ya wageni ya zama zile ninayotaka watoto wetu wafundishwe shuleni, iwe sawa na Norfolk kwenye kitabu, ikiwezekana itangulie.

Turudi Pangani nimalize, kahawa imeshapoa.

Pangani ilivunjwa 1938 na 1939. Halmashauri ilisema ni uchafu, ni magonjwa, ni uhalifu. Wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo, kwenye nyumba zilizojengwa na halmashauri, kwa masharti ya halmashauri. Wanawake waliojenga kwa mikono yao, waliowalaza watu wa nchi nzima kwa miaka 40, wakawa wapangaji wa serikali uzeeni. Hakuna hata ukuta mmoja uliobakizwa. Stanley ina kumbukumbu zake kutani, Norfolk ina picha zake zimetiwa fremu. Pangani ya leo ina njia kuu ya magari, maduka, magorofa, na kijana anayeuza maandazi pale hajui kwamba chini ya miguu yake palikuwa na mji mzima wa vyumba vya kukodi vya akina mama.

Mimi nataka kibao. Kibao cha chuma, Pangani, kwa Kiswahili, kiseme kwamba hapa wanawake wa Nairobi waliwapokea wasafiri kuanzia mwanzo wa karne ya 20 hadi 1939, na majina yaorodheshwe, yote yanayoweza kupatikana. Hayatapatikana kwenye makaratasi ya ofisini peke yake, kwa sababu karani wa Kizungu aliandika namba ya kiwanja akaruka jina la mwenye nyumba. Lakini Shauri Moyo na hapa Majengo kuna wazee waliozaliwa miaka ile ya arobaini, wakalelewa na hao akina bibi, na wanajua nyumba ipi ilikuwa ya nani, nani alisilimu akaitwa nani, nani alimrithisha nani. Wewe kijana una simu inayorekodi, na una mdomo wa kuzungumza na wazee. Anza na yule bibi wa nyumba ya kona, nyuma ya msikiti. Nenda kesho baada ya alasiri, wakati huo huwa amekaa barazani, na umchukulie sukari.